Kipimo cha kujipima VVU na vinavyokwenda nacho: tathmini kwa wanaume wa Dodoma wanaolala na wanaume

Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Dodoma mjini na watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili pamoja na wenzao. Walipima wanaume 409 wanaofanya ngono na wanaume wenzao, wengi wao vijana wa miaka ya ishirini. Asilimia 17.4 walikutwa na VVU. Asilimia 54 walikuwa hawajawahi kupima hata siku moja. Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyotufanya tuanze na kipimo cha kujipima nyumbani kabla ya vidonge na kondomu, maana asiyejua hali yake hawezi kuchagua kinga inayomfaa.

Kipimo chenyewe ni OraQuick, kile cha kupitisha kwenye fizi. Shirika la Afya Duniani lilikipitisha mwaka 2017. Hapa kwetu kujipima mwenyewe hakukuwa kumeruhusiwa mpaka Novemba 2019, Bunge lilipofanyia marekebisho sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, likaruhusu kujipima na kushusha umri wa kuridhia kupima kutoka miaka 18 hadi 15. Kwa hiyo ukiomba kipimo hiki kituo cha afya au kwa mwelimishaji rika, unaomba kitu halali. Huna haja ya kueleza unalala na nani ili upewe.

Kwa nini tunakipenda: foleni ya kupima ina macho mengi, na mji huu, pamoja na ukubwa wake wa sasa, bado ni mji ambao mtu wa Nkuhungu anamjua mtu wa Chang'ombe. Kipimo hiki unakifanya ndani umejifungia, bila sindano na bila damu. Hilo peke yake limewatoa wengi gizani.

Lakini kina masharti, na yanayovunjwa ni yale yale kila mara.

Kwanza tuondoe neno "kipimo cha mate", maana linapotosha. Hakitaki mate. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili unawatengeneza dhidi ya VVU, na askari hao wanapatikana kwenye majimaji yanayotoka katikati ya fizi na meno. Mtu akisikia "mate" anatemea kwenye kile kijiti, au anakisugua ulimini kama mtoto na pipi. Hapo ameshaharibu. Wengine wanaogopa kwamba kama VVU vinapimwa mdomoni basi busu linaambukiza. Haliambukizi. Kinachoonekana pale ni askari tu, si adui mwenyewe.

Ukifungua pakiti utakuta vifuko viwili. Kimoja kina kichupa chenye majimaji, kingine kina kijiti bapa chenye kitambaa laini kwenye ncha. Anza na kichupa. Kishike wima, zungusha kifuniko taratibu, usimwage hata tone na usinywe, kisha kisimamishe kwenye kishikilio chake. Hapa watu wanakosea kwa haraka: wanafungua kijiti kwanza, halafu wanahangaika na kifuniko huku wamekishika mkono mmoja, kichupa kinapinduka, na pakiti nzima imekwenda bure. Kichupa kikishasimama ndipo ufungue kijiti. Usiguse ile ncha laini kwa vidole. Kile kipakiti kidogo cha kukausha unyevu kinachotoka nacho ni cha kutupa.

Pitisha ncha kwenye fizi ya juu, upande wa nje, kutoka mwisho wa kulia mpaka mwisho wa kushoto, mara moja. Fanya hivyo hivyo fizi ya chini, mara moja. Usisugue shavu wala kaakaa. Kisha chomeka kijiti kwenye kichupa mpaka ncha iguse chini kabisa, na usikichomoe tena. Weka saa ya simu dakika 20.

Kabla ya yote hayo, usile wala kunywa kitu kwa dakika 15, na usipige mswaki wala kusukutua kwa dawa ya mdomo kwa dakika 30. Ubuyu, karanga, zabibu za kutafuna njiani, sigara, ugoro, vyote vihesabu kama kula. Mwenye meno ya bandia ayatoe.

Dakika 20 zikifika, soma. Ukisoma mapema, mstari wa pili huenda bado haujajitokeza, na utajiambia uko salama kumbe hujangoja. Ukipitisha dakika 40, usisome kabisa. Wapo wanaoweka kijiti kabatini wakirudi jioni "kuhakikisha", wakaona kivuli kilichojitokeza baada ya muda, usiku mzima wakakosa usingizi. Kati ya dakika 20 na 40 tu, baada ya hapo kipimo kimekwisha kazi.

Mstari mmoja kwenye herufi C ya kijiti na kwenye herufi T hakuna kitu: hakijaona kingamwili. Mistari miwili, C na T: kimeitikia, yaani huenda una VVU. Hakuna mstari kwenye C, hata kama T ina mstari: kimeharibika, tafuta kingine.

Sasa sikiliza kuhusu mstari hafifu. Mstari kwenye T ukiwa umefifia kama uliochorwa kwa kalamu ya risasi na kufutwa nusu, bado ni mstari. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na linasababishwa zaidi na mwanga. Chumba chenye taa ya sola ya manjano, au tochi ya simu iliyoelekezwa moja kwa moja mpaka kijiti kinang'aa, hakikuoneshi mstari mwembamba. Pima mchana karibu na dirisha, au chini ya taa nyeupe, kijiti kikiwa juu ya karatasi nyeupe. Usikisome kwa picha uliyomtumia rafiki WhatsApp, kwa sababu kamera ya simu inafuta rangi hafifu, na juu ya hilo picha hiyo inabaki kwenye simu ya mtu mwingine.

Joto nalo ni suala la Dodoma hasa. Pakiti itunzwe kati ya nyuzi 2 na 30 za Selsiasi, na siku ya kupima chumba kiwe kati ya nyuzi 15 na 37. Oktoba na Novemba, nyumba ya bati isiyo na dari inapita nyuzi 30 kabla hata ya adhuhuri. Usiweke pakiti juu ya kabati lililo karibu na bati, wala chini ya kiti cha bodaboda, wala kwenye dashibodi ya gari. Sakafuni, chini ya kitanda, upande wa ukuta usiopigwa na jua la jioni, ndipo penye ubaridi. Kama umekipokea kutoka kwa mtu aliyekibeba siku nzima juani kutoka Kongwa au Bahi, angalia tarehe ya mwisho na uombe kingine ukiweza.

Sasa uaminifu wake. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilipokiidhinisha mwaka 2012 kitumike nyumbani, takwimu za majaribio zilikuwa hivi: kwa watu wenye VVU waliojipima wenyewe, kiliwaona asilimia 91.7, kwa wasio na VVU, kilisema kweli kwa asilimia 99.98. Maana yake kwa lugha ya kawaida: kati ya watu 12 wenye maambukizi, mmoja hivi anaambiwa hana. Na kati ya watu 5,000 wasio nayo, mmoja hivi anaambiwa anayo. Kwa hiyo kikikwambia hakijaona kitu na wewe uliwahi kujiweka hatarini, rudia. Kikiitikia, ni jambo la kuchukulia kwa uzito mkubwa, ila jibu la mwisho linatoka kituoni kwa vipimo vya damu. Usianze kumwambia mwenzako, wala kujilaumu, kabla ya hapo.

Kuna muda ambao virusi vimeshaingia lakini kingamwili bado ni kidogo mno kuonekana, ule ambao wengi wanauita dirisha. Kwa kipimo hiki hesabu miezi 3. Mtu aliyefanya ngono bila kinga Jumamosi akajipima Jumatatu, anapima maisha yake ya kabla ya miezi 3 iliyopita. Ya Jumamosi hayamo. Na kama ya Jumamosi ndiyo yanayokusumbua, dawa yake ni PEP: vidonge vya siku 28 vinavyoanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Ukiingia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tuliyozoea kuiita Jenerali, au hospitali ya wilaya, sema tu: "Nimepata hatari ya VVU juzi usiku, nahitaji PEP." Sentensi hiyo inatosha mapokezi. Mengine utayazungumza chumbani na mtoa huduma, na sheria ile ile ya 2008 inamfunga kutunza siri ya majibu yako.

Kitu kimoja ambacho maelezo ya pakiti yanakisema kwa herufi ndogo, nasi tunakisema kwa sauti: ukiwa tayari unameza ARV, usijipime na hiki "kuona kama umepona". Dawa zinapunguza virusi, kingamwili nazo zinaweza kupungua, kipimo kikasema huna. Watu wameacha dawa kwa sababu hiyo, virusi vikarudi juu. Ukiwa kwenye PrEP pia, yaani vidonge vya kujikinga na VVU tutakavyovieleza chini, kipimo cha fizi hakitoshi. Ufuatiliaji wa PrEP ni wa damu.

Alama zetu kwa kipimo: 4 kati ya 5. Kinapoteza moja kwa huyo mmoja kati ya 12, na kwa jinsi maelekezo yake yanavyomdhania msomaji ana chumba chenye mwanga mzuri.

Tukija kwenye PrEP. Ni vidonge anavyomeza mtu asiye na VVU ili asivipate. Ndani kuna tenofovir pamoja na emtricitabine au lamivudine, kopo moja vidonge 30. Ushahidi wake kwa wanaume wanaolala na wanaume ni wa muda mrefu. Utafiti wa iPrEx wa mwaka 2010, uliohusisha watu 2,499 katika nchi 6, ulionesha maambukizi yamepungua kwa asilimia 44 tu, na hiyo "tu" iliwavunja wengi moyo. Lakini walipopima damu waliona chanzo: wengi hawakuwa wanameza. Waliokutwa na dawa mwilini, hatari yao ilipungua kwa asilimia 92. Katika mwendelezo wake, waliokuwa wakimeza vidonge 4 au zaidi kwa wiki hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kidonge kilichobaki koponi hakimkingi mtu.

Kwa mwanaume, kuanza ni vidonge 2 kwa pamoja siku ya kwanza, kisha kimoja kila siku. Wiki za mwanzo tumbo linaweza kujaa gesi, kichefuchefu kidogo, kichwa. Kwa wengi hupita ndani ya mwezi. Ukimeza baada ya chakula cha jioni, kichefuchefu hupungua. Usiache kwa sababu ya siku 5 mbaya.

Kuna njia nyingine inayowafaa wenye ngono ya nadra na ya kupangwa, ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali kwa wanaume mwaka 2019. Ilitokana na utafiti wa IPERGAY wa Ufaransa na Kanada, uliopunguza maambukizi kwa asilimia 86. Wengi huiita 2-1-1, na hapa ndipo hesabu ya saa inapowachanganya watu, kwa hiyo tuiweke kwa saa zetu. Unamtarajia mgeni wako anayekuja na treni ya SGR Ijumaa. Saa 12 jioni Ijumaa unameza vidonge 2. Kuanzia saa 2 usiku uko tayari, maana zinahitajika saa 2 kamili kabla, na zisizidi 24. Jumamosi saa 12 jioni unameza kimoja. Jumapili saa 12 jioni kimoja cha mwisho. Saa zinahesabiwa tangu ulipomeza vile viwili. Saa ya ngono haiingii kwenye hesabu hiyo. Kama mgeni akakaa mpaka Jumatatu na ngono ikaendelea, usifunge dozi Jumapili: endelea kimoja kila siku saa ile ile, mpaka umeze vya siku 2 baada ya tendo la mwisho. Kosa linaloharibu njia hii ni kusahau kile cha Jumapili, kwa sababu mgeni ameshaondoka na raha imekwisha.

2-1-1 haiwafai wenye homa ya ini B. Tenofovir inakandamiza virusi vya homa ya ini B pia, na ukiianza na kuikatisha mara kwa mara ini linaweza kuwaka. Kwa hiyo kabla ya PrEP yoyote omba vipimo vitatu: VVU kwa damu, homa ya ini B, na figo hasa kama umevuka miaka 30, au una kisukari au presha. Haiwafai wanawake pia. Tunalitaja kwa sababu wengi wa wasomaji wetu wana wake nyumbani, na usije ukamgawia mkeo ratiba hii ukidhani inamkinga. Yeye ratiba yake ni ya kila siku.

Tatizo la PrEP kwa hapa ni kopo lake. Linafanana kabisa na kopo la ARV, na linalia kama njuga ukitembea. Mwenye nyumba akilisikia ameshakutungia habari. Watu wanahamishia vidonge kwenye kifuko cha nailoni au karatasi ya gazeti, na hapo dawa inanyonya unyevu na kuharibika. Kile kipakiti cha kukausha kilicho ndani ya kopo kina kazi, kiache humo. Ukitaka kunyamazisha kopo, jaza pamba safi kavu juu ya vidonge. Ukitaka kubadilisha, tumia chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, hamishia na kile kipakiti, beba vya wiki moja tu, kopo kubwa libaki mahali pa baridi chini ya nyuzi 30.

Kabla ya kufunga safari kutoka Mpwapwa, Kondoa au Manyoni kuja mjini kufuata PrEP, piga simu kwanza. Februari 2025 maelekezo ya serikali ya Marekani yalibana fedha za PrEP za PEPFAR, mpango wake wa kusaidia nchi nyingine kupambana na UKIMWI, zielekezwe kwa wajawazito na wanaonyonyesha, na pengo hilo liliwaangukia wanaume moja kwa moja. Uliza mambo mawili: dawa ipo, na utapewa ya miezi mingapi. Ziara ya kwanza hurudiwa baada ya mwezi, zinazofuata kila miezi 3. Alama zetu: 5 kati ya 5 kwa dawa yenyewe, 2 kwa upatikanaji.

Vilainishi sasa. Hapa tuna uchungu, na tunausema wazi. Mwaka 2016 serikali ilizuia mashirika kugawa vilainishi, ikiviona vinachochea ushoga. Ngono haikupungua. Kilichotokea ni watu kurudi jikoni. Na jiko la Dodoma na Singida lina nini? Mafuta ya alizeti. Kila nyumba ina dumu.

Mafuta na kondomu ya mpira havikai pamoja. Alizeti, nazi, Vaseline, mafuta ya mtoto, losheni, siagi, vyote vinalainisha mpira mpaka unakuwa kama puto lililokaa juani. Majaribio ya maabara yalionesha kuwa dakika moja ya kugusana na mafuta ya madini, yale yanayotengenezea mafuta ya mtoto, inaondoa karibu asilimia 90 ya nguvu ya kondomu. Dakika moja. Ukitaka kuona kwa macho, chukua kondomu mbili za kutupa, moja ipake alizeti, nyingine maji, subiri kidogo, kisha zivute kwa vidole. Ile ya alizeti inatanuka kwa unyonge na kukatika, ile ya maji inakurudia mkononi.

Mate nayo? Yanakauka upesi, hasa kwenye hewa kavu ya hapa, na yanaweza kubeba kisonono cha kooni kukipeleka njia ya haja kubwa. Njia hiyo haijilainishi yenyewe kama uke, ngozi yake ya ndani ni nyembamba, inachanika bila wewe kusikia maumivu, na mchaniko ndio mlango wa VVU.

Kinachofaa ni kilainishi cha maji au cha silikoni, na maduka ya dawa yanauza vya maji kwa ajili ya ukavu wa uke, hivyo unaweza kuomba kama mtu yeyote. Soma nyuma ya chupa. Glycerin au propylene glycol zikiwa mwanzoni mwa orodha, kilainishi hicho ni kizito mno: kinavuta maji kutoka kwenye ngozi ya ndani na kuibabua. Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 lilishauri uzito huo, unaoitwa osmolaliti, usizidi 1,200, na ikiwezekana usizidi 380. Kwa njia ya haja kubwa tindikali yake iwe pH kati ya 5.5 na 7. Ukiona nonoxynol-9 imeandikwa popote, kwenye kilainishi au kondomu, kirudishe: kinamenya ngozi ya ndani na kuongeza hatari. Vya kutia ganzi pia viache, maumivu ndiyo taarifa yako kwamba kitu kimechanika.

Kwa hali ya hewa ya hapa tunapendelea silikoni ukiipata, kwa sababu haikauki. Cha maji kikianza kunata katikati ya tendo, usiongeze kilainishi juu ya kilainishi. Dondoshea matone machache ya maji safi, kinaamka upya. Kipimo cha kuanzia ni ujazo wa kijiko cha chai kwa nje ya kondomu na kwa mwenzako, na tone moja tu ndani ya ncha. Ukijaza ndani, kondomu inachomoka.

Kondomu zenyewe hazina mengi. Za bure za vituo ni nzuri sawa na za dukani, zinapimwa kwa kiwango kile kile. Finya pakiti usikie hewa ndani. Isiyo na hewa ina tundu. Usikae nayo kwenye pochi ya mfuko wa nyuma, usivae mbili, badilisha kama tendo limechukua muda mrefu.

Sindano zinasubiriwa kwa hamu, na kwa haki. Cabotegravir huchomwa kila miezi 2, na katika utafiti wa HPTN 083 ilipunguza maambukizi kwa asilimia 66 kuliko vidonge vya kila siku. Lenacapavir ni mara 2 tu kwa mwaka: katika utafiti wa PURPOSE 2, kati ya watu 2,179 waliochomwa, walioambukizwa ni 2. Kwa mtu ambaye kopo linamtoa siri, sindano 2 kwa mwaka ni uhuru mkubwa. Muulize mtoa huduma wako kila unapokwenda kama zimefika.

Na kwa mwenye VVU anayesoma hapa akijiona ameachwa nje: utafiti wa PARTNER2 uliochapishwa 2019 ulifuatilia wapenzi wanaume ambao mmoja ana VVU na virusi vyake havionekani kwa sababu ya dawa. Matendo zaidi ya 76,000 bila kondomu, na hakuna hata mmoja aliyemwambukiza mwenzake. Dawa yako ni kinga ya mpenzi wako. Fuatilia kipimo cha wingi wa virusi, udai jibu lake kwa namba, usikubali "ipo sawa" peke yake.

Mwisho, magonjwa mengine ya ngono ambayo kipimo cha fizi hakiyapimi wala PrEP haikukingi nayo ipasavyo. Kisonono na klamidia vikikaa njia ya haja kubwa au kooni mara nyingi havitoi dalili yoyote, na kipimo cha mkojo hakivioni huko. Mtoa huduma asipoambiwa sehemu, anatibu usaha wa mbele tu. Ukiona ni salama kusema, sema "naomba uchunguzi wa njia ya haja kubwa pia". Ukiona si salama, sema una maumivu au majimaji huko nyuma, atachunguza. Kaswende ni damu, iombe kila unapokwenda kwa ajili ya PrEP. Kidonda chake cha kwanza hakiumi na hupona chenyewe huku ugonjwa ukiendelea ndani. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi 3: leo, baada ya mwezi 1, na ya tatu mwezi wa 6. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika. Andika tarehe yake kwenye simu siku ile ile unayochomwa ya kwanza.